Mifuko Miwili ya Mbolea



Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Nakuru. Kwetu mahindi tuliyajua yakiwa unga dukani: bei ikipanda tukinung'unika, ikishuka tukishukuru. Mwezi Julai 2022, serikali ilipotia fedha ili pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 100 badala ya 205 hivi, nilizunguka madukani siku mbili nisiipate. Mpango wenyewe ulikuwa wa wiki nne tu. Baadaye ruzuku ikaelekezwa shambani: mfuko wa mbolea wa kilo 50, uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 6,000, ukashushwa hadi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500.

Mavyaa wangu hulima Njoro. Alikuwa amejiandikisha, na ujumbe wa simu ukamjia: mifuko mitatu. Msimu huo alikuwa amelipumzisha shamba lake kubwa, hivyo mfuko mmoja ulimtosha. Mchuuzi mmoja akaninong'oneza kuwa angeinunua miwili iliyosalia kwa shilingi 4,000 kila mmoja. Nikapiga hesabu: faida ya shilingi 3,000, na karo ya mwanangu ilikuwa haijatimia. Nikamshauri mavyaa aichukue yote.

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo bei iliyopungua imelipwa na nani?"

"Na serikali, mama."

"Na serikali hulima wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa upole: "Kila anunuaye sabuni ametoa kodi, hata mjane asiye na kishamba. Wamenichangia nilime, hawakunichangia nichuuze. Nikiiuza, mkulima mwenzangu ataikosa kwa 2,500, na gharama hiyo itamrudia yule mjane katika unga wake."

Akachukua mfuko mmoja. Karo tuliilipa kidogo kidogo, kwa tabu.

Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba ruzuku haishushi bei kwa tangazo peke yake. Hushusha pale inapomfikia aliyekusudiwa, na njiani hupita katika mikono mingi, ukiwamo wangu. Sisi kina mama ndio tulalamikao kwanza unga ukipanda; basi tuwe wa kwanza kuilinda amana hii majumbani mwetu. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na atukinaishe nayo. Amin.