Macho yamefungwa

Wasee, nimepata picha ya mum ndani ya Biblia ya gogo. Nyuma gogo ameandika kwa biro: 1993. Mum amesimama kando ya Uganda Road, gauni la maua, viatu vya kuazima (amekubali mwenyewe), na macho yamefungwa kabisa.

Nikamuuliza, si ungemwambia mpiga picha arudie? Akacheka. Filamu ilikuwa na picha 36, na wale wapiga picha wa mtaani walizigawa kama unga wa msaada. Ulilipa nusu, ukangoja filamu iishe, ipelekwe kuoshwa, halafu wiki mbili baadaye ukarudi kumtafuta jamaa palepale. Macho yakifungwa, hiyo ndiyo picha yako. Unamalizia deni.

Nyuma ya mum kuna mtu anavuka barabara, mkate kwapani. Hakuna anayemjua. Pengine hana picha nyingine ya mwaka huo, na hii hajawahi kuiona. Eldoret ya wazee, ile waliyoiita Sixty-Four kwa sababu ya namba ya shamba, ikawa jiji 2024, na yeye bado anavuka.

Mimi simu yangu iliibwa steji. Picha zaidi ya elfu tatu, karibu zote uso wangu. Za gogo zilikuwa tano hivi, na sikuwa nimeprinti hata moja.

Jumapili nikamkalisha nje, nikampiga moja tu na simu ya mum. Nikamwonyesha. Akaigeuza simu, akaangalia mgongo wake.

"Sasa mwaka nitaandika wapi?"