Zimwi Barazani: Mchezo wa Vijana, Ngano Zetu na Imani



Wiki hii nimepigiwa simu tatu kutoka Unguja. Habari zimewafikia ndugu zangu kwamba huku Bagamoyo nilikoolewa, vijana wanakaa barazani kwangu kila Jumamosi baada ya alasiri "kucheza na majini". Shoga yangu mmoja kaniuliza waziwazi kama nimeanza uganga! Basi nieleze, maana najua na wengine mna watoto wanaocheza mchezo huu au watakaouleta nyumbani kesho.

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo Dar es Salaam, na likizo hii kaja nao. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na mingine mingi imezaliwa humo. Hauhitaji kompyuta. Mmoja anakuwa msimuliaji, na kila mchezaji anachagua atakuwa nani: nahodha, mpagazi, binti wa mhunzi. Msimuliaji anasema mmefika mahali fulani, mbele yenu pana jambo hili, mnafanyaje? Wanashauriana, wanaamua, kisha dadu linarushwa kuonyesha kama wamefaulu. Ni hadithi za bibi zilezile, ila wasikilizaji nao wamo ndani.

Vijana wetu hawakutaka misitu ya Ulaya yenye theluji. Wamechora ramani ya pwani hii: Kaole wakati bado ni bandari, kabla mikoko na tope havijaiziba, mdomo wa mto Ruvu na viboko wake, Saadani, Pangani, mpaka mapango ya Amboni. Misafara inashuka kutoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu, majahazi yanangoja ufukweni. Ili wajaze ramani ile, walikwenda kuutazama msikiti wa kale wa Kaole na makaburi yake, wakamhoji babu mmoja mvuvi kuhusu pepo za kusi na kaskazi. Mimi niliyewahi kuwabembeleza wasome historia, nilinyamaza tu nikashukuru.

Kwenye dadu ndipo nilipowasimamisha. Mtume (s.a.w.) ameukemea mchezo wa nardashiri, unaochezwa kwa dadu, na hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Wanazuoni wengi wanakataza hata pasipo kamari. Mimi si mwanachuoni, kwa hiyo nikawaambia watafute njia nyingine na wamuulize ustadh wa madrasa yetu. Sasa wana komwe ishirini zilizoandikwa namba 1 hadi 20 ndani ya mfuko wa kitambaa. Mtu anatia mkono anatoa moja. Ustadh alisikiliza yote, akauliza kama kuna pesa, kama kuna swala inayopita, kama kuna ugomvi. Akasema waendelee kwa kujihadhari.

Majini nayo yalituchukua jioni nzima. Kwetu sisi majini si ngano. Ni viumbe wa Allah, walioumbwa kwa moto, wana sura yao katika Qur'ani, ya 72, na wamo wema na wasio wema. Ule mchezo wa Marekani umemchukua Ifriti, ambaye tunamsoma katika Suratun-Naml kwenye kisa cha Nabii Sulayman na kiti cha malkia wa Sabaa, ukamfanya adui wa kupigwa upanga. Kijana wangu akaniuliza, "Shangazi, tumuweke au tumtoe?" Tukaafikiana: majini, malaika na manabii hawaingii mezani. Mazimwi yanaingia. Vibwengo vilileta ubishi, mpaka mama mkwe akasema kuna watu hadi leo wanawapelekea sadaka mapangoni, kwa hiyo wasifanyiwe mchezo. Vikatolewa.

Badala yake mama mkwe akawapa nunda. Mnakumbuka kisa chake? Kiliandikwa zamani kutoka kwa wasimuliaji wa Unguja, katika kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870. Paka wa sultani anakula mfugo, sultani anasema paka ni wake na mfugo ni wake, mwacheni. Anakula mbuzi, mwacheni. Anakua, anakula watu, mpaka anawala wana wa sultani mwenyewe. Ndipo mdogo wao anakwenda kumsaka. Kila anapoua mnyama anamletea mama yake, na mama anamwambia huyu siye.

Jumamosi iliyopita wachezaji walifika kijiji ambacho mifugo inaliwa. Wanakijiji wakamnyooshea kidole ajuza mjane, kwamba ndiye anayefuga nunda. Kulikuwa na zawadi kwa atakayemwondoa, na vijana wakubwa walikuwa tayari kumtoa wachukue zawadi waende zao. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja akakataa. "Nani kamwona? Nyayo zinaelekea wapi?" Wakamkasirikia kwa kuwachelewesha. Akashikilia. Maghrib ikaingia, wakaenda kuswali bila kuafikiana.

Dada zangu, mimi nilikuwa mtoto mwaka 1995, Popobawa alipotajwa kila nyumba. Tulilala uani kwa makundi, tukikumbatia moto. Mwaka ule mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka bara, aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Na huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Hakuna aliyesimama akauliza nyayo zinaelekea wapi. Ndiyo maana niliposikia swali la binti yangu niliacha mchele nilioupepeta nikaja kukaa karibu.

Kwa anayetaka kuruhusu, haya ndiyo tunayofuata: swala kwanza, hakuna pesa, hakuna kuigiza ibada wala kuita viumbe, vitu vya ghaibu tunavyoviamini havifanywi mchezo, na mtu mzima akae mahali anaposikia. Mwenye ustadh wake amuulize, asitegemee maneno yangu.

Jumamosi hii wanarudi kijijini kwa yule ajuza. Vijana wakubwa wamekubali kufuata nyayo mpaka mtoni kwanza. Allah awalinde watoto wetu, na awape ujasiri wa kuuliza pale watu wote wanapopiga kelele. Aamin.