Kodi inayolia

Mpiga kinanda wa kwaya yetu alihamia Mombasa, na mazishi hayangoji mtu asomee muziki. Basi jioni nafunga laptopu, najifunza.

Kodi ninayosema si ile ya serikali! Ni noti tatu zinazopigwa pamoja. Mkono wa kulia: gumba kwenye A iliyo juu ya C ya katikati, kidole cha kati kwenye C inayofuata, kidogo kwenye E. Hiyo ni A maina. Sogeza cha kati hadi kitufe cheusi kinachofuata kuliani, upate A meja. Jaribu mwenyewe: ya kwanza inalia, ya pili inacheka.

Nikataka kuona kilichobadilika. Kwa MIDI, lugha ya vinanda na kompyuta tangu 1983, maina ni 69, 72, 76. Meja ni 69, 73, 76. Namba moja tu. Ukihesabu vitufe, vyeupe kwa vyeusi, maina hupanda hatua 3 kisha 4. Meja 4 kisha 3. Hatua ni zile zile, zimebadilishana zamu.

Je, huzuni imo kwenye namba hiyo? Sidhani. Nyimbo nyingi tunazoimba kaburini ni za meja, na watu hububujikwa machozi.

Jumamosi tunamzika mama mmoja wa alto. Wimbo aliouchagua mwenyewe uko kwenye C meja, ila mstari wa tatu unapitia A maina kwa mapigo mawili. Hayo mawili nayarudia tangu Jumatatu.