Baiskeli ya Mtu Mzito

Msomaji, kila chombo huulizwa swali moja kabla ya kupakiwa: kitachukua mzigo gani? Nahodha huliuliza kwa ajili ya jahazi lake, mwenye punda huliuliza, na mwenye mtumbwi katika Mto Tana huliuliza kabla ya kumkaribisha abiria. Mnunuzi wa baiskeli, akiwa mnene kama mimi, hulikimbia swali hilo, maana jibu lake ni yeye mwenyewe. Mimi nililikimbia, na aliyeumia zaidi kwa kosa langu alikuwa mtu mwingine.

Ninafundisha katika shule moja isiyo mbali na Garsen. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa mwembamba, lakini miaka kumi ya kukaa kitini na kula vizuri ilinifikisha kilo 118. Tabibu alinishauri niache kupanda pikipiki kila siku, niende kazini kwa baiskeli. Ushauri ulikuwa mwema, nami niliupokea. Nikasafiri mpaka Malindi kutafuta baiskeli.

Dukani nilikuta aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ile nyeusi ya chuma cha pua ambayo katika Kenya huitwa Black Mamba. Umbo lake ni lile la baiskeli za Raleigh za Nottingham, Uingereza, na baadaye viwanda vya India na China viliendelea kuitengeneza. Nilikuwa nimeizoea tangu utotoni ikibeba madumu ya maji na magunia ya maembe, kwa hiyo niliidharau. Ya pili ilikuwa nyekundu, ya alumini, nyepesi, yenye tairi nyembamba kama kidole gumba. Muuzaji akaniuliza, "Mwalimu, una kilo ngapi? Hii imeandikiwa kilo mia moja, pamoja na mzigo."

Niliwatazama wateja waliokuwa wakisikiliza. Nikajibu, "Tisini."

Hakuwa na mizani. Alikuwa na neno langu tu, na neno la mwalimu huaminiwa.

Wahenga walisema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa wiki saba. Katika wiki ya tatu spoku moja ya gurudumu la nyuma ilikatika, nikaibadilisha kimyakimya. Katika wiki ya tano ikakatika nyingine. Sikutaka kujua sababu, maana niliijua. Asubuhi moja nilimpakia binti yangu wa miaka saba juu ya keria niliyoifunga mwenyewe. Tulipoingia katika mashimo karibu na njia panda ya Minjila, spoku kadhaa zilikatika kwa mpigo mmoja, gurudumu likapindika, nasi tukaanguka. Mimi nilichubuka goti. Yeye alipasuka kidevu, akashonwa nyuzi nne. Tulipokuwa njiani kwenda zahanati aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, ni mimi niliyekuwa mzito?"

Msomaji, nimeulizwa maswali mengi darasani, lakini sijaulizwa jingine gumu kama hilo. Nilimwambia kuwa si yeye, ni mimi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitamka kweli ile.

Jioni nilimpelekea gurudumu fundi mmoja mzee wa Garsen. Hakunicheka. Alihesabu spoku zangu, zikawa 24. Kisha akanionyesha gurudumu la nyuma la Black Mamba, lenye spoku 40, na la mbele, lenye 32. Akanieleza kuwa mpanda baiskeli huegemeza sehemu kubwa ya uzito wake nyuma. Kila gurudumu linapozunguka, spoku zilizo chini hulegea kidogo, kisha hukazika tena. Katika kilomita moja tu jambo hilo hutokea mara 450 hivi. Spoku hufa kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, na zikiwa chache, au zikikazwa bila usawa, hufa upesi.

Alinifundisha pia habari za fremu. Chuma cha pua aghalabu hutoa onyo la kupinda au ufa kabla ya kuvunjika, na kikivunjika fundi wa kijijini anaweza kukichomelea. Alumini huhitaji mitambo na ustadi usiopatikana chini ya kila mwembe, nayo ikichomelewa hupoteza nguvu mahali ilipopata moto. Tairi pana, kwa upande wake, hubeba uzito mkubwa bila kujazwa upepo mpaka ikawa ngumu kama jiwe, na rimu husalimika katika mashimo.

Nilirudi Malindi wiki iliyofuata. Muuzaji aliuliza swali lake. Nikajibu kwa sauti ya darasani, "Mia moja na kumi na nane." Hakuna aliyecheka. Alichukua ufunguo wake, akazikaza upya spoku zote za ile nyeusi, moja baada ya moja, kisha akanikabidhi.

Sitakuficha aibu zake. Ina uzito wa kilo 20 hivi, na penye kilima hushuka nikaisukuma. Breki zake hushika vibaya rimu zikilowa, hivyo wakati wa mvua huanza kufunga mapema. Udongo mweusi wa bonde la Tana hujaa kati ya tairi na madigadi, kwa hiyo tazama kama pana nafasi ya kupitisha kidole. Tena chuma huliwa na kutu. Gharika ya Novemba 2023 ilipokata njia, niliivusha kwa mtumbwi, ikalowa mpaka ndani ya mabomba ya fremu. Niliigeuza juu chini, nikaikausha, nikatia mafuta kwa tundu la kiti. Mpaka leo inanibeba.

Basi ukienda kununua, usianze kwa rangi. Panda mizani kwanza. Ongeza uzito wa mkoba, wa gunia, na wa mtoto utakayempakia. Jumla hiyo umwambie muuzaji, kisha hesabu spoku, pima upana wa tairi, na uulize ni nani atakayeitengeneza karibu na kwako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha uzito huumbuliwa na gurudumu.

Binti yangu sasa hupanda nyuma yangu bila hofu. Kovu la kidevu chake limekuwa dogo, lakini mimi huliona kila asubuhi ninapomwinua kumweka juu ya keria.