Baraza letu na mlango wa jirani

Nyumba yetu ipo katika mojawapo ya mitaa ya bondeni jijini Dar es Salaam. Sitautaja mtaa wenyewe, kwa kuwa haya ninayoyasimulia yanaweza kutokea katika mtaa wowote, na kwa kuwa wenye kosa kubwa katika kisa hiki ni mimi na watu wa nyumbani kwangu.

Kwa miaka mingi nilihesabika miongoni mwa walalamikaji hodari wa mtaa. Gari la taka lilipokosa kuja wiki mbili mfululizo, nililalamika. Taa ya njia panda ilipoungua, na watoto wa madrasa wakawa wanarudi baada ya Isha wakipapasa gizani, nililalamika. Mtaro unaopita mbele ya nyumba zetu ulipojaa chupa, vifuu vya nazi na nepi, nililalamika kuliko mtu mwingine yeyote. Malalamiko hayo yote niliyatoa nikiwa nimekaa barazani kwetu saa za alasiri, mbele ya majirani walioafikiana nami kwa kila neno. Ofisi ya serikali ya mtaa haiko mbali. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Katika miaka 11 ya kuishi hapo nilikuwa nimefika mara mbili tu, zote mbili kwa ajili ya barua ya utambulisho.

Baraza hilo tulilijenga miaka minne iliyopita. Kiwanja chetu ni kidogo, na watoto walikuwa hawana pahali pa kukaa na madaftari yao jioni, ndani kukiwa na joto. Mume wangu akamwita fundi, wakakubaliana kuufunika mtaro kwa zege, kutoka ukutani kwetu hadi ukingo wa barabara, kwa urefu wa hatua sita. Fundi aliuliza tuweke kalavati la ukubwa gani chini yake ili maji yapite, na akashauri liwe kubwa. Tulipotajiwa bei, tukachagua bomba jembamba la plastiki lililobaki katika kazi yake nyingine. Maji yatapita tu, tulisema. Hatukuomba kibali kwa yeyote, wala hatukumuuliza jirani. Nyumba nyingine tano katika safu yetu zilikuwa zimefanya vivyo hivyo, na jambo likishakuwa desturi watu huliona kuwa ni haki.

Jirani yetu wa upande wa juu, yaani upande maji yanakotokea, ni bibi mjane aliyepita umri wa miaka 70, anayeishi na mjukuu wake wa kike wa darasa la saba. Nyumba yake ni kongwe kuliko zetu zote. Ilipojengwa, barabara ilikuwa chini yake. Kila barabara ilipomwagiwa kifusi, na kila jirani alipojenga kwa msingi wa juu, nyumba ya bibi ilizidi kuzama shimoni bila ya yeye kuhama hata hatua moja.

Usiku mmoja wa masika iliyopita mvua ilianza saa nne na haikupungua hadi karibu na alfajiri. Wakazi wa Dar es Salaam wanaoyakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 hawapati usingizi katika mvua ya namna hiyo. Tulikaa macho, tukisikiliza. Kwetu halikuingia tone. Ilipofika saa tisa za usiku, mjukuu wa bibi akatugongea dirisha.

Tulipoingia kwao, maji yalikuwa chini kidogo ya magoti. Bibi alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja, akituelekeza kwa sauti ya utulivu ni vitu gani tuanze kuviokoa. Tulimtoa yeye kwanza, kisha gunia la mchele, kisha nguo. Mtoto aliyalilia madaftari yake, kwani mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa umebakiza miezi michache. Ni baada ya kumkalisha kwetu na kumpa kanga kavu ndipo bibi alipouliza habari za msahafu. Alikuwa ameuacha juu ya marufaa, kando ya mswala, akinuia kuendelea kusoma kabla ya Alfajiri. Ulikuwa msahafu wa marehemu mumewe. Mume wangu alirudi kuutafuta, akaja nao ameukumbatia kifuani, ukichuruzika maji.

Kulipopambazuka, vijana walitoka na mti mrefu kutafuta mahali maji yalipozibia. Haikuwa kazi ya muda mrefu. Upande wa juu wa baraza letu mtaro ulikuwa umefurika hadi kumwagikia mlangoni kwa bibi. Upande wa chini, hatua sita tu mbele, palikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Kijana mmoja alilala kifudifudi, akaingiza mkono ndani ya bomba letu, akaanza kutoa mifuko, chupa, tope na vipande vya gunia. Hakuna aliyetulaumu. Wote waliona, wakatusalimu na kwenda zao, kwa kuwa wengi wao wana mabaraza ya namna ile ile.

Niliingia ndani na chai, nikamwambia, "Bibi, tunakuomba radhi. Maji yamezuiwa na baraza letu."

"Nilikuwa najua, mwanangu," akanijibu. "Tangu vuli ya mwaka ule mlipojenga, maji yalianza kuchungulia mlangoni. Nikaweka tofali moja, kisha nikaongeza jingine."

"Mbona hukutuambia?"

"Jioni nawasikia watoto wenu wakisoma pale. Nikisema, watakwenda kusoma wapi? Na nikisema halafu msivunje, mimi na wewe tutasalimiana vipi?"

Maneno hayo yalinikaa moyoni siku nyingi. Nilikuwa nikiamini kwamba tunaishi vizuri na jirani yetu. Tulipelekeana futari, tulijuliana hali, watoto wetu walimwita bibi nao wakamchotea maji. Kumbe wema huo wote ulisimama juu ya subira ya mmoja wetu, na aliyesubiri si mimi. Sote tumefundishwa kwamba Jibril alimuusia Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani hata akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Mafundisho hayo nimeyasikia tangu utotoni, nami nilikuwa nikiyafahamu kwa maana ya sahani ya chakula na neno jema. Sikuwahi kuyafahamu kwa maana ya kipenyo cha bomba.

Yapo pia mafundisho mengine ambayo yalinigusa zaidi. Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Waliposema kwamba hawana budi kukaa, kwa kuwa ndipo mahali pao pa mazungumzo, aliwaambia basi waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kujizuia na maudhi. Baraza letu lilikuwa limekaa juu ya njia, ya watu na ya maji, na haki ya njia hatukuwa tumeitoa.

Haikuwa rahisi kuamua. Mume wangu si mtu wa roho mbaya, lakini alisema jambo ambalo wengi wangelisema: kwani ni sisi peke yetu? Tukivunja letu, yatabaki ya wengine watano, na maji yatazuiwa huko. Tusubiri amri ya halmashauri, sote tuvunje siku moja. Nilimwambia kwamba maji yaliyoingia kwa bibi hayakuzuiwa na wengine watano. Akanyamaza. Siku ya pili, baada ya Asri, nilimwona ameshika nyundo na tindo. Kuvunja kulichukua siku tatu, na kusomba kifusi kulitugharimu zaidi ya tulivyotumia kujenga. Sasa tuna kivuko chembamba cha mbao, na watoto wanasomea sebuleni, joto likiwa vile vile.

Baada ya hapo nilihudhuria mkutano wa mtaa kwa mara ya kwanza. Naona haya kuyaandika hayo. Mtaa ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa mijini. Una mwenyekiti na wajumbe wanaochaguliwa na wakazi, na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri. Juu yake ipo kata yenye diwani wake, kisha halmashauri yenyewe. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano zinaziweka serikali hizo na kueleza kuwa lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano wa mtaa ni haki ya kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18. Mambo hayo si siri. Hata hivyo, tarehe 27 Novemba 2024, wenzangu walipokwenda kuwachagua viongozi wa mitaa, mimi nilibaki nyumbani nikipika. Nilijiambia kwamba huo ni uchaguzi mdogo. Nilisahau kwamba mtaro, taa na taka, mambo yaliyonikosesha raha kila siku, ni mambo ya uchaguzi huo mdogo.

Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri, chini ya mwembe. Katika mtaa wenye mamia ya kaya tulifika watu 37, wanawake tukiwa wanane. Maneno yalianza kwa ukali dhidi ya mtendaji. Mzee mmoja akaomba nafasi, akauliza ni nyumba ngapi zilizofunika mtaro. Pakawa kimya. Nilisimama nikasema kwamba yetu ilikuwa mojawapo, nikaeleza yaliyomfika jirani yetu, na kwamba tumevunja. Kisha nikauliza langu: kila kaya inatoa shilingi 3,000 kwa mwezi kwa ajili ya taka, nasi tuna stakabadhi. Katika miezi miwili gari limekuja mara tatu. Mzabuni analipwa kwa kazi ipi, na nani anamsimamia?

Ninaamini kwamba swali hilo nisingeweza kuliuliza kwa sauti ile kama zege letu lingekuwa bado liko juu ya mtaro. Si kwamba mwenye kosa hana haki ya kudai. Ila mwenye kosa huogopa kwamba akidai naye atadaiwa, na hofu hiyo ndiyo inayotufanya wengi tulalamike barazani, mahali ambapo hakuna anayetuuliza kitu.

Mtendaji alijibu kwanza kwamba mkataba wa taka hauko chini yake. Tuliposhikilia, akaahidi kuuleta katika mkutano unaofuata, na kwa haki yake, aliuleta. Tulisomewa kwamba gari linapaswa kupita mara moja kila wiki. Mkutano ukachagua watu watano, nikiwamo mimi, tuandike katika daftari kila siku linapokuja na kila siku linapokosa, na nakala ipelekwe kwa diwani kila mwisho wa mwezi. Tangu hapo gari huja wiki nyingi, ingawa si zote. Katika yale mabaraza mengine matano, mawili yamevunjwa na moja limewekewa kalavati kubwa. Wenye mawili yaliyobaki wamekataa, na mmoja wao hajibu tena salamu yangu. Taa ya njia panda ingali haiwaki.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba ofisi zisamehewe kwa kuwa nasi wananchi tuna makosa. Anayepokea ada ya watu amepokea amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Ninachosema ni kwamba nasi tumo katika uchunga huo. Tunafagia ndani ya nyumba na kuzisukuma takataka hadi nje ya mlango, kisha tunawaambia watoto wetu kuwa usafi ni katika imani. Watoto wanaona mlango ulipo. Wanaona pia kwamba baba na mama hawakosi harusi wala hitima, lakini siku ya mkutano wa mtaa wana udhuru.

Jambo moja halikurekebishika. Tulijaribu kuukausha ule msahafu kwa upepo, ukurasa kwa ukurasa, lakini wino ulikuwa umesambaa na kurasa zimegandana. Ustadhi wa madrasa alituelekeza namna ya kuuzika kwa heshima mahali safi. Mume wangu alimnunulia bibi mwingine wenye maandishi makubwa. Aliupokea kwa furaha, akatuombea dua. Alipoufungua alipapasa ukingo wa ukurasa kwa kidole, akasema kwamba marehemu alikuwa akiweka alama ndogo ya penseli kila alipoishia, na kwamba yeye alikuwa akisoma kwa kuzifuata.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua na tuliyoyafanya kwa kutotaka kujua. Mlangoni kwa bibi yale matofali mawili bado yapo. Nilimwambia kwamba sasa anaweza kuyaondoa. Akatabasamu, akasema, "Insha'Allah, mwanangu. Tuisubiri vuli kwanza."