Mboga Isiyo Saladi

Kusini mwa Marekani huota mmea wa porini ambao watu wa huko huuita polk. Shina lake likikomaa huwa na rangi ya zambarau, na matunda yake madogo meusi huliwa na ndege bila ya madhara. Binadamu akila majani yake mabichi hudhurika, kwani yana sumu. Kwa hiyo mpishi huchuma majani machanga ya masika, akayachemsha, akayamwaga maji, akayachemsha tena, na ndipo akayakaanga. Chakula hicho huitwa polk salad, lakini hiyo salad si saladi ya majani mabichi tuijuayo mezani. Katika vijiji vya huko, neno hilo kwa matamshi yake ya kale hutajwa kwa mboga za majani zilizopikwa. Mfasiri atakayeliona akaandika "kachumbari" atakuwa amemlisha msomaji wake sumu.

Nimelizungukia neno hili kwa miaka, kwa sababu ndilo jina la wimbo niupendao sana, "Polk Salad Annie" wa Tony Joe White. Muziki wake umepewa jina la roki ya vinamasi: mapigo ya taratibu, gitaa lenye sauti nzito kama tope, kinanda cha mdomo, na sauti ya chini ya mtu asiye na haraka ya kumaliza hadithi yake. Lakini kwangu mimi White ni mtunzi kwanza, na ndivyo ninavyotaka kumtazama hapa.

Alizaliwa mwaka 1943 karibu na mji mdogo wa Oak Grove, jimbo la Louisiana, kitinda mimba wa watoto saba katika familia ya wakulima wa pamba. Nyumbani waliimba na kupiga gitaa, lakini kijana huyo hakushikwa na muziki mpaka kaka yake alipoleta sahani ya santuri ya Lightnin' Hopkins, mwimbaji mweusi wa bluzi kutoka Texas. Tangu hapo alikaa na gitaa usiku kucha. Baadaye alipiga katika vilabu vya Louisiana na Texas, akiimba nyimbo za wengine, kama wafanyavyo wote waanzao.

Kabla ya hapo aliwahi kuishi Marietta, Georgia, akiendesha lori la idara ya barabara. Kisha, mwaka 1967, akausikia redioni wimbo wa Bobbie Gentry, "Ode to Billie Joe", unaosimulia msiba wa kijijini huku watu wakila chakula cha mchana. White alisimulia mara nyingi kwamba wimbo ule ulimfungua macho: maisha yale aliyajua, kwani ndiyo aliyoyaishi. Akaazimia kuandika juu ya yale tu aliyoyajua. Mboga ya polk aliijua, kwa kuwa aliila. Mvua ya usiku ya Georgia aliijua vile vile, kwa kuwa ikinyesha kesho yake hakwendi kazini. Azimio hilo moja likazaa, katika muda mfupi, nyimbo mbili zitakazodumu baada yake.

Sasa msomaji autazame ule wa kwanza kwa jicho la mshairi. Annie ni msichana maskini atokaye jioni kuchuma polk, maana nyumbani hakuna kingine. Mama yake anatumikia kifungo cha kazi ngumu, baba yake ni mvivu asingiziaye mgongo, kaka zake ni wezi wa matikiti, na bibi yake ameliwa na mamba. Masaibu yote hayo yameimbwa kwa ucheshi, wala hapana mahali ambapo mtunzi anamwomba msikilizaji machozi. Anamtukuza msichana yule kwa kumwacha abebe gunia lake.

Lakini lililonisimamisha mimi ni mwanzo. White haanzi kwa kuimba, huanza kwa kusema. Huku gitaa likinong'ona nyuma yake, anawageukia wale wasioijua Kusini na kuwaeleza kwamba kuna mmea wa aina hii, huota mahali fulani, hupikwa hivi. Tenzi zetu zina dibaji, ambamo mtunzi humsifu Mola na kuomba karatasi na wino kabla ya kuingia kisani. White naye ana dibaji, na kazi yake ni kufafanua neno moja la kijijini. Ufafanuzi ambao mfasiri angeutupa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, yeye ameuingiza ndani ya wimbo na kuupa mapigo.

Wimbo ulipotolewa haukushika moto mara moja. Miezi ilipita kabla haujapanda, katika kiangazi cha mwaka 1969, hadi nafasi ya 8 ya chati ya Billboard nchini Marekani. Kwa hakika Wafaransa walikuwa wamekwisha kumpenda kwa "Soul Francisco", wimbo uliotangulia, wakati Wamarekani wenzake hawajamjua. Basi maneno ya kinamasi hayakuwazuia watu wa mbali.

Wimbo wa pili, "Rainy Night in Georgia", ulipata bahati kwa kinywa cha mwingine. Brook Benton, mwimbaji mweusi mwenye sauti nzito na pana, aliurekodi, na mwaka 1970 ukafika nafasi ya 4. Palepale alipoimba White kama mtu aliyejikunja kibarazani akisikiliza paa, Benton aliimba kama msafiri asiye na pa kulala. Maneno ni yale yale, ila mvua ni nyingine. Mwaka huo huo Elvis Presley alimpeleka Annie kwenye jukwaa la Las Vegas, akamtia mbio na tarumbeta. Kila mmoja wao alikuwa mfasiri, ingawa lugha haikubadilika.

Haki hututaka tuseme pia deni lilipo. Bluzi aliyojifunza White ni mali ya watu weusi waliolima pamba ileile bila ya kupata malipo yaleyale. Yeye hakulificha. Katika "Willie and Laura Mae Jones", ambao Dusty Springfield naye aliuimba, jirani weupe na weusi wanashirikiana shamba na chakula, kisha miaka inapita, wanakutana mahali pengine, na mwaliko wa chakula haukubaliki tena. Wimbo hauhubiri. Unatuacha na sahani isiyoliwa.

Baada ya sahani za kampuni ya Monument, White alitoa tatu kwa Warner Bros. kati ya mwaka 1971 na 1973, nzuri mno na zilizouzwa kidogo. Miaka ya kimya ikafuata, mpaka Tina Turner alipochukua nyimbo zake nne, ukiwemo "Steamy Windows", kwa albamu ya Foreign Affair ya mwaka 1989. Kwa mara nyingine kinywa cha mwingine kilimrudisha. Lakini tazama alivyoitumia nafasi ile: badala ya kukimbilia ukubwa, alizidi kupunguza. The Beginning ya mwaka 2001 ni sauti, gitaa, kinanda cha mdomo na mguu unaogonga sakafu. Bad Mouthin', iliyotoka Septemba 2018, inarudi kwa walimu wake, Hopkins akiwa mmoja wao, pamoja na tungo zake za ujanani. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 24, alifariki dunia huko Tennessee akiwa na umri wa miaka 75. Mwaka 2021 Dan Auerbach alizivika vyombo rekodi za nyumbani alizoziacha, zikawa Smoke from the Chimney.

Vijana wetu watungao huambiwa siku hizi waepuke maneno ya visiwani, eti msomaji wa mbali hatayaelewa. Wanaondoa dau, wanaondoa dema, wanaondoa kusi na kaskazi, na kinachobaki kingeweza kuandikwa popote na mtu yeyote. Nami kama mfasiri najua mvuto wa kinyume chake: kumvisha Annie kanga na kumpeleka kuchuma kisamvu. Kisamvu nacho kina sumu mpaka kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa hiyo ulinganifu unavutia. Hata hivyo kisamvu hupandwa, kina mwenyewe na shamba. Polk hujiotea, na aliye nayo ni yule tu asiye na kitu. Nikibadilisha jani nimeufuta umaskini wa Annie.

Kwa hiyo katika tafsiri yangu polk imebaki polk. Na kabla ya ubeti wa kwanza nimeweka mistari michache ya kusemwa, si kuimbwa, inayomweleza msikilizaji wa Kiswahili mmea huo huota wapi, na kwamba maji ya kwanza lazima yamwagwe.