Zima Simu, Frateri

Likizo ya Juni nilirudi nyumbani Njombe nikiwa na nia moja: kurekodi kumbukumbu za babu za Vita vya Kagera. Alikuwa mgambo, mmoja wa maelfu walioitwa baada ya majeshi ya Idi Amin kutuvamia Oktoba 1978. Leo ana miaka 74. Majina ya wajukuu yanampotea, lakini mwaka 1979 anaukumbuka kama jana. Niliogopa kuchelewa.

Tulikaa jikoni jioni tatu, maana Juni kwetu baridi haina mzaha. Simu niliiweka juu ya debe la mahindi. Nilitegemea habari za bunduki. Babu alisimulia habari za miguu. Daraja la Kyaka lililolipuliwa. Mvua. Mwendo wa kutoka Mutukula kuelekea Masaka, buti zimeloa hata ukizivua ngozi inabanduka nazo. Shangwe za watu wa Kampala mwezi Aprili, naye akitafuta tu mahali pa kulala.

Jioni ya tatu alifika Lukaya, walikokutana na askari wa Amin na Walibya. Akanyamaza. "Zima simu, Frateri."

Niligusa kioo, nikaigeuza kifudifudi. Sikuizima.

Aliyoyasema hayamo humu. Bibi, aliyeishi naye tangu kabla ya vita, hakuwahi kuyasikia.

Niliporudi seminarini tulikuwa tukisoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu cha kumi, anapoieleza kumbukumbu kama jumba kubwa. Nikajiona nimeingia chumba cha mtu bila hodi. Nilijitetea: wadogo zangu wanaijua Kagera kama swali la mtihani tu, na mgambo wengi wamezikwa bila kuacha hata mstari mmoja. Hoja hizo bado naziona ni za kweli. Ila nilipomweleza mlezi wangu wa kiroho, aliniuliza jambo moja: "Mwenyewe umemwambia?"

Krismasi nilimwambia. Babu alikaa kimya hadi viazi vikachemka. Kisha akaomba asikie. Dakika kumi na moja aliisikiliza sauti yake mwenyewe, amefumba macho.

"Ya buti wape watoto," akasema. "Hii ifute. Ukipata upadre, Misa yako moja umtolee yule wa Lukaya. Jina lake silijui."

Mimi bado nasoma falsafa. Teolojia sijaigusa. Yeye ana miaka 74.

Niliifuta mbele yake. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia kosa langu hapa, akacheka: "Hilo ni lako, andika."

Jioni mbili za kwanza, na ya tatu mpaka alipoomba nizime, nimezinakili kwenye madaftari matatu: la shangazi, la maktaba ya parokia, na langu. Langu lina ukurasa mmoja wa ziada, wenye neno "Lukaya" na nafasi ya kuandika tarehe ya Misa.